Luís de Camões

Luís Vaz de Camões (takriban 1524 – 10 Juni 1580) alikuwa mshairi kutoka Ureno. Anahesabiwa kuwa mshairi mkuu wa lugha ya Kireno, hasa kwa sababu ya utenzi wake Os Lusíadas, unaosimulia safari ya kwanza ya Vasco da Gama kwenda Uhindi (1497–1499) kupitia pwani ya Afrika ya Mashariki.

Maisha

Huaminiwa kuwa alizaliwa Lisbon. Alipokuwa askari huko Ceuta, Afrika ya Kaskazini, alipoteza jicho la kulia. Mwaka 1552 alifungwa kwa kumjeruhi mtumishi wa mfalme. Mwaka uliofuata alisamehewa, akasafiri kwenda Goa kama askari.

Baada ya miaka mingi barani Asia alianza safari ya kurudi, lakini aliishiwa pesa akakwama katika Kisiwa cha Msumbiji. Mwanahistoria Diogo do Couto alimkuta huko akiishi kwa msaada wa marafiki. Hao ndio waliomwezesha kufika Lisbon mwaka 1570. Utenzi wake ulichapishwa mwaka 1572, na Mfalme Sebastian akampatia pensheni ndogo.

Os Lusíadas

Utenzi una sehemu 10 na beti 1,102. Kila ubeti una mishororo 8: katika 6 ya kwanza vina viwili hupokezana, na 2 ya mwisho ina kina kimoja.

Sehemu mbili za kwanza zinahusu Msumbiji, Mombasa na Malindi. Mombasa unaonyeshwa kama mji wa hila, ambapo mungu Bacchus anawategea Wareno mtego na mungu wa kike Venus anawaokoa. Mfalme wa Malindi anawapokea vizuri, na katika sehemu ya 3 hadi ya 5 da Gama anamsimulia historia ya Ureno. Wenyeji wa pwani wanaonekana kwa macho ya wageni tu: wanaowapokea husifiwa, wanaowapinga hulaumiwa. Sehemu ya 10 inataja kuchomwa moto kwa Mombasa, kulikotokea mwaka 1505, kama malipo ya makosa yake.

Kumbukumbu

Tarehe ya kifo chake ni sikukuu ya taifa la Ureno. Tuzo ya Camões hutolewa kwa waandishi wa Kireno. Kutoka Msumbiji waliipata José Craveirinha (1991), Mia Couto (2013) na Paulina Chiziane (2021).