MTUNGI, KIBUYU NA PIPA: Majina ya Vyombo vya Kuchachushia na Tatizo la Mtafsiri katika Isiolo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna anayejifunza kutengeneza bia nyumbani anavyopaswa kuchagua chombo cha kuchachushia, na namna jina la chombo hicho linavyoweza kumwongoza au kumpotosha. Chanzo chake ni kosa la mwandishi mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Isiolo alituomba tumfasirie maelezo ya Kiingereza juu ya utengenezaji wa bia ya shayiri. Mahali palipotajwa chombo kikubwa chenye shingo nyembamba tuliandika "mtungi", na mahali palipoagizwa kifunikwe vizuri tukaandika "uzibwe". Tulipoandika hivyo tulikuwa na picha ya mtungi wa udongo wa pwani, ambao kifuniko chake ni kibao au kata. Mwalimu yule alichukua mtungi kama ujulikanavyo Isiolo, yaani dumu la plastiki la lita 20, akalijaza mpaka shingoni, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Siku ya pili usiku dumu lilipasuka. Hakuumia mtu, lakini kitanda na vitabu vya watoto vililowa, na mtafsiri hakuwa na la kujitetea.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme kwamba Isiolo ni mji wenye Waislamu wengi, ambao kwao pombe ni haramu. Makala haya hayamwaliki mtu yeyote kunywa. Elimu ya chombo cha kuchachushia inawahusu hata wasioonja kileo maishani mwao, kwa kuwa maziwa ya ngamia na ya ng'ombe huchachushwa katika mji huo kila siku. Tena yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, iliyoondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, imeweka masharti ya leseni juu ya utengenezaji na uuzaji wa vileo. Anayetaka kuanza kazi hii aanze kwa kuyafahamu masharti hayo.

2. Maneno mawili ya msingi

Neno la kwanza ni "chombo". Upana wa neno hili unajulikana: sufuria ni chombo, jahazi ni chombo, na siku hizi kuna vyombo vya habari na vyombo vya dola. Kwa sababu ya upana huo, mtu akiambiwa "tia katika chombo" hajaambiwa kitu. Jina mahususi halikwepeki.

Neno la pili ni kitenzi. Kiswahili kina "chacha", "chachuka" na "chachusha". Kitenzi "chacha" hutumika sana kwa kitu kilichoharibika: wali uliolala huchacha, na tembo lililokaa mno huchacha. Pombe iliyofikia ubora wake haisemwi kuwa imechacha, bali imeiva au imekomaa. Kwa hiyo tunapotaka kutaja kazi inayofanywa kwa makusudi, "chachusha" hufaa zaidi, kwani kiambishi cha kusababisha kinamtaja mtendaji: "amka" huzaa "amsha", na "chachuka" huzaa "chachusha". Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata "chachushia", na hapo ndipo "chombo cha kuchachushia" kinapotoka, kama vile "kisu cha kukatia" na "chungu cha kupikia".

3. Kazi inayofanyika ndani ya chombo

Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa uzito, vitu hivi viwili hupatikana karibu nusu kwa nusu. Basi katika lita 20 za bia, ambamo hamira imekula kilo mbili za sukari, hutoka karibu kilo moja ya hewa hiyo, nayo ikiachwa huru hujaza zaidi ya lita 500. Hesabu hii peke yake yatosha kueleza msiba wa dumu la mwalimu wetu. Aidha, siku za mwanzo povu hupanda sana. Kwa hiyo anayetengeneza lita 20 atafute chombo cha lita 25 au 30, ili nafasi ibaki juu.

Kutokana na hayo, chombo cha bia hutakiwa kuwa na sifa nne. Kwanza, kiruhusu hewa ya ndani kutoka bila kuruhusu ya nje kuingia, kwa maana hewa ya nje huleta vijidudu na kuelekeza pombe kwenye siki. Pili, kiweze kusafishwa hata pasibaki mahali pa vijidudu kujificha. Tatu, kisiyeyuke wala kutoa sumu kinapokutana na asidi ya pombe. Nne, kisaidie kuhifadhi ubaridi. Sifa hii ya nne ni ya lazima Isiolo, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30, hali hamira nyingi za bia hufanya kazi njema kati ya nyuzi 18 na 22.

4. Vyombo na majina yake

4.1 Kibuyu na gorfa. Katika Isiolo na jirani zake, vyombo vya asili vya kuchachushia ni vya maziwa. Wasamburu hutumia kibuyu, ambacho hufukizwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti kama mzeituni mwitu. Waborana husuka kwa nyuzi za mimea chombo kiitwacho gorfa, nacho pia hufukizwa, na ndani yake hupatikana maziwa mgando yaitwayo ititu. Wasomali nao wana suusa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Moshi huua vijidudu vingi na kuyapa maziwa harufu inayopendwa. Kuta za chombo hubaki na mbegu za mchachuko uliotangulia, nazo huanzisha mchachuko ujao. Wagikuyu hufanya jambo linalofanana na hilo katika muratina: vipande vya tunda la mwegea hutiwa katika kileo, kisha huanikwa na kuwekwa mpaka siku ya kutumika tena.

Hapa twaona kwamba kibuyu si chombo duni. Kimechaguliwa kwa sababu kinashika mbegu, na sifa hiyo ndiyo inayokifanya kisifae kwa bia ya shayiri, ambayo hutaka hamira ya aina moja tu na kukaa majuma mawili au zaidi. Atiaye bia katika kibuyu cha maziwa atavuna siki, na kosa halitakuwa la kibuyu.

4.2 Chungu na mtungi wa udongo. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa una matundu madogo mno. Maji hupenya, hukauka juu, na kukipoza chombo. Ndiyo siri ya maji baridi ya mtungini. Kwa pombe za nafaka zinywewazo baada ya siku mbili tatu, chungu chafaa sana. Kwa bia ya kukaa, matundu yaleyale huingiza hewa na kuficha vijidudu. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa viepukwe iwapo haijulikani vilipakwa nini, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi, na asidi huitoa.

4.3 Ndoo, dumu na pipa la plastiki. Hivi ndivyo vyombo vimfaavyo zaidi anayeanza, kwa bei na kwa wepesi. Ndoo yenye kifuniko ndiyo bora kati yake, kwa kuwa mkono huingia ndani na kuisugua yote. Dumu lina shingo nyembamba na pembe zisizofikika. Wanawake wauzao maziwa ya ngamia Isiolo wanaijua taabu hii, na wataalamu wa maziwa huwahimiza watumie makopo ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Plastiki isisuguliwe kwa kitu cha kukwaruza, maana kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Ichaguliwe ile iliyotengenezwa kwa chakula. Alama ya pembetatu yenye namba 2 hueleza aina ya plastiki tu. Haielezi chombo kilibeba nini jana. Pipa la buluu la lita 200 lililoletwa na dawa za viwandani, au dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya kuoshea mifugo, lisitumike hata likioshwa mara saba.

4.4 Chupa kubwa ya kioo. Kioo hakipitishi hewa, hakikwaruziki upesi, na humwonyesha mwanafunzi kinachotendeka ndani. Lakini ni kizito, huvunjika, na mwanga huharibu ladha ya bia. Hivyo hufunikwa kwa nguo nzito.

4.5 Debe, ndoo ya bati na sufuria. Chuma kisichoshika kutu kinashinda vyombo vyote, ila bei yake humshinda anayeanza. Debe hushika kutu. Ndoo ya bati imepakwa zinki, ambayo huyeyuka katika asidi na kumtapisha mnywaji. Sufuria ya alumini yafaa kuchemshia, lakini haifai kuwekea pombe siku nyingi. Debe tupu haliachi kuvuma, wasema wahenga. Na likijaa pombe lina madhara makubwa kuliko kelele.

5. Safari ya neno "mtungi"

Turudi kwenye kosa letu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) inautambua mtungi kuwa chombo cha udongo. Huko bara Kenya, neno limehamia kwenye plastiki, na Afrika Mashariki nzima sasa yasema "mtungi wa gesi" kwa chombo cha chuma. Kilichobaki katika maana ni umbo na kazi, yaani chombo cha kubebea au kuwekea kitu kisichoshikika kwa mkono. Sifa ya udongo imedondoka. Mabadiliko haya si upotofu. Ni kawaida ya lugha kufuata vitu vinavyobadilika. Hata hivyo sifa iliyodondoka ndiyo iliyobeba usalama: mtungi wa udongo hupumua na kifuniko chake hakikazwi, mtungi wa plastiki haupumui na kifuniko chake hukazwa kwa hesi.

Tatizo limezidishwa na asili ya maelezo yanayotafsiriwa. Uingereza iliondoa mwaka 1963 sharti la leseni kwa mtu atengenezaye bia ya matumizi yake, na Marekani ilipitisha sheria ya kuiruhusu kazi hiyo mwaka 1978. Vitabu vilivyofuata viliandikwa kwa wasomaji walio na duka la vifaa hivyo karibu. Mwandishi wa huko hataji kwamba kifuniko kina tundu la kutolea hewa, kwani kimenunuliwa nalo. Mtafsiri anayefasiri maneno na kuacha yaliyonyamazwa hajafasiri.

6. Hitimisho

Kwa anayeanza Isiolo, shauri letu ni ndoo mpya ya plastiki ya chakula, ya lita 25 au 30, yenye kifuniko. Kifuniko kitobolewe tundu moja, lipitishwe mpira mwembamba ulioubana barabara, na ncha yake ya nje izamishwe katika kikombe cha maji: hewa itatoka kwa viputo wala haitarudi. Ndoo isafishwe kwa maji ya moto yasiyochemka na sabuni isiyo na manukato, itiwe dawa ya klorini iliyozimuliwa, kisha isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Iwekwe ndani ya beseni la maji na kufungwa nguo mbichi, ili ipate ubaridi ambao mtungi wa udongo ungeupata bila kusaidiwa.

Kwa mtafsiri na mtunga istilahi, tunapendekeza jina la chombo lifuatane na jina la mali yake: mtungi wa udongo, dumu la plastiki, ndoo ya bati. Vilevile vitenzi "funika", "ziba" na "kaza" visibadilishwe ovyo. Kufunika ni kuzuia vumbi, kuziba ni kuzuia hewa, kukaza ni kutumia nguvu. Lugha yetu ilikwisha kuvitenganisha vitenzi hivi vitatu. Aliyevichanganya ni mtafsiri, na aliyelala kwenye godoro bichi ni mwalimu.