Wema na Uovu wa Mhusika: Mapatano kabla ya Mchezo

Mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni aina ya masimulizi ya pamoja. Watu wachache huketi kuzunguka meza. Mmoja wao, msimamizi, hueleza mahali na matukio, na kila mchezaji huamua maneno na matendo ya mhusika mmoja. Jambo likiwa la shaka, dadu hutupwa. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974.

Tangu mwanzo kila mhusika alipewa upande wake. Toleo la 1974 lilikuwa na pande tatu: utaratibu, vurugu na kutokuwamo. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilitumia pia mhimili wa pili, wa wema na uovu, hata pande zikawa tisa. Hivyo mwizi aweza kuwa mwema asiyejali sheria, na hakimu kuwa mwovu aishikaye sheria barabara.

Hapa pana tatizo la maana, wala si la kanuni tu. Neno "mwema" likiandikwa katika karatasi ya mhusika, kila mchezaji hulielewa kwa namna yake. Tuseme adui amesalimu amri. Mmoja aona kwamba wema ni kumwachilia. Mwingine, kumwua ili kijiji kisalimike. Ugomvi wa wahusika wageuka kuwa ugomvi wa marafiki. Ajiteteaye husema kwamba hiyo ndiyo tabia ya mhusika wake. Lakini tabia hiyo ameichagua yeye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo vikundi vingi hutanguliza kikao cha mapatano. Huulizana: Je, hadithi ni ya mashujaa au ya wahalifu? Wahusika waweza kusalitiana? Mambo gani hayatasimuliwa kamwe, na yapi yataguswa kwa mbali tu? Tena, mwaka 2013 John Stavropoulos alibuni kadi yenye herufi X: mchezaji akiigusa, tukio huachwa, naye hadaiwi maelezo.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi jambo hili si geni kabisa. Mwaka 1986 Johannes Fabian alishuhudia kikundi cha Mufwankolo kikitunga mchezo pasipo maandishi: waigizaji walijadili kwanza maana ya msemo na mpango wa hadithi, ndipo wakabuni maneno yao. Tofauti ni kwamba mezani hapana watazamaji. Aumizwaye na tukio ni mchezaji mwenzi. Ndiyo sababu yafaa neno "mwema" lijadiliwe kabla dadu hazijatupwa.