Vipindi Tusivyoviuliza

Hebu mzazi mwenzangu, ikumbuke jioni ya jana. Mtoto aliporejea kutoka shule, akavua viatu na kuliacha begi lake kando ya mlango, ulimuuliza nini? Aghalabu tunauliza Hesabu, tunafuatisha Kiingereza, na tukiridhika hapo tunamhimiza aoge awahi madrasa. Ni nadra kumsikia mama katika mitaa yetu akiuliza: "Leo kwenye Sanaa mmefanya nini?" Na mtoto akijieleza mwenyewe kwamba alicheza mpira wa mikono, au alifinyanga chungu, hujibiwa kwa maneno mawili: "Mchezo tu."

Nami nilikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, hadi siku niliposutwa na kipande cha ukili.

Binti yangu wakati huo alikuwa Gredi ya 5. Usiku wa Jumapili, chakula kimekwisha kuandaliwa, ndipo akakumbuka kwamba mwalimu wa Sanaa amewataka waje na ukili walioanza kuusuka wenyewe nyumbani. Miyaa walikuwa wamepewa tangu Jumatano. Ya kwake ilikuwa imekauka chini ya begi. Nikaghadhibika kidogo, kisha nikafanya kama wafanyavyo wengi wetu: nikafungua kabati, nikatoa ukili mzuri wa rangi niliokuwa nimeununua sokoni kwa ajili ya kushonea kawa, nikakata kiasi cha mikono miwili na kumtia begini. Nikalala nikijiona mama hodari.

Siku ya pili mwalimu aliusifu sana ukili ule. Akamwomba mwenye nao asimame mbele aendeleze safu mbili tatu ili wenzake waone. Mtoto aliushika, akaugeuza huku na huku, akaanza kulia.

Jioni ile hakuniambia mimi. Alikwenda kwa nyanya yake.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nyanya yake hakumkemea. Alitandika jamvi barazani, akamfundisha kwanza kuichana miyaa kwa ukucha wa kidole gumba ili itoke kwa upana mmoja, kisha kuiloweka, kwa kuwa ukavu huivunja. Akamwonyesha fundo la kuanzia. Halafu ikaja hesabu: huu unapita juu ya miwili, unaingia chini ya miwili, unakunjwa ukingoni na kurudi. Safu moja ikikosewa, kosa halifichiki. Litaonekana kila ukili ukitazamwa, na dawa yake ni kufumua mpaka pale lilipoanzia. Binti yangu alifumua mara nne siku ya kwanza. Mtoto huyu huyu, akikosea jumla katika daftari la Hesabu, hufuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha wakaja kwenye vipimo. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima. Nyanya akamtaka apige hesabu mwenyewe: ukili wa upana huu, tukiutaka msala wa urefu huu, zitahitajika pima ngapi? Akakaa na kalamu na karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa na kazi ya nyumbani. Sikuingilia kati.

Sasa tutazame mtaala wenyewe unasemaje, maana wengi wetu tunausikia kwa mbali tu. Mtaala wa Umilisi ulianza madarasani mwaka 2019 kwa watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Ulipopunguzwa masomo mwaka 2024, Sanaa ya kuchora na kuunda, Muziki, pamoja na Elimu ya Viungo, yaliunganishwa kuwa somo moja la Sanaa Bunifu. Katika Gredi ya 4 hadi ya 6 somo hili lina vipindi sita kwa wiki. Hisabati ina vitano, Kiswahili kina vinne. Ndiyo kusema, somo tunaloliita mchezo ndilo lenye vipindi vingi kuliko yote katika ratiba ya mtoto wako.

Wala halikosi kutahiniwa. Katika tathmini ya kumaliza Gredi ya 6, Sanaa Bunifu hutahiniwa pamoja na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja, na matokeo ya tathmini hiyo huhesabiwa asilimia 20 mtoto anapopangiwa shule ya sekondari ya juu. Huko kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii ambayo ndani yake mna lugha, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Watoto wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Baba anayengoja mpaka mwanawe afike hapo ndipo aulize ana kipawa gani, amechelewa.

Nakiri kwamba si kila shule inavitumia vipindi hivyo ipasavyo. Ziko zinazovigeuza kuwa marudio ya Hisabati muhula wa tatu ukikaribia, na aghalabu ni sisi wazazi tunaoshangilia jambo hilo.

Lipo jingine linalosemwa chinichini katika mikutano ya wazazi, na afadhali lisemwe wazi. Baadhi yetu nafsi zetu haziridhiki na ala za muziki, na wengine hatupendi mtoto achore sura ya kiumbe mwenye roho. Wanavyuoni wamehitilafiana katika mambo haya, na ukurasa huu si mahali pa kuyakata. Lakini kumzuia mtoto kimyakimya, akakaa nyuma ya darasa wenzake wakifanya kazi, ni kumdhulumu. Mwendee mwalimu muhula unapoanza, kwa adabu, mzungumze. Mtaala humtaka mtoto ajue mapigo, sauti na mpangilio. Dufu na kasida zinayabeba hayo yote. Humtaka ajue mstari, umbo, rangi na urudiaji wa ruwaza. Nani ana hazina ya ruwaza kutushinda sisi? Mlango mmoja wa Lamu una nakshi za kumtosha mtoto kuchora muhula mzima: maua, mizabibu, minyororo, duara ndani ya duara. Kofia ya vito iliyotungwa kwa mkono ni somo la ulinganifu, kwani upande wa kulia usipokuwa sawa na wa kushoto kofia hiyo hainunuliwi. Na khati ya Kiarabu ni sanaa iliyokamilika peke yake.

Kuhusu michezo ya wasichana nitasema machache. Mtoto wa kike ana haki ya kukimbia. Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), akashinda safari moja na kushindwa safari nyingine, hadithi hiyo imo katika Sunan Abu Dawud na twaisimulia sana, lakini tukifika uwanjani twaisahau. Suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa kubana havimzuii mtu kupokea kijiti cha mbio za kupokezana. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliruhusu hijabu viwanjani mwaka 2014, na lile la mpira wa kikapu mwaka 2017. Itakuwa ajabu wakubwa waruhusiwe katika viwanja vya dunia, na mtoto wa Gredi ya 4 akae kivulini akilinda viatu vya wenzake.

Kuogelea nako kumo katika mtaala, ingawa shule nyingi za umma hazina bwawa. Twaishi ukingoni mwa bahari, twavuka kivuko, twapanda mashua kwenda arusini, na wangapi miongoni mwa binti zetu wanajua hata kuelea? Hili la kwetu, tusilitupie shule.

Nimeziacha lugha nyuma kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo watu wa pwani tunapojidanganya zaidi.

Twasema: Kiswahili ni chetu, mtoto ataferije? Kisha daftari la insha linarudi limejaa wino mwekundu. Mpwa wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliandika kwamba kichekesho kilimfanya "ateke" mpaka machozi yakamtoka katika "mato". Mwalimu wake, mtu wa bara, alidhani mtoto anazungumzia kuteka maji, akakata alama. Kwetu kuteka ni kucheka, na mato ni macho. Ndivyo walivyosema wazee wa Mvita na wa Amu, na ndivyo walivyotunga washairi wetu wakubwa, kina Muyaka bin Haji na Mwana Kupona. Mtoto hakukosa lugha. Alikosa kuambiwa kwamba kuna Kiswahili cha nyumbani na kuna Kiswahili Sanifu, na kwamba kila kimoja kina mahali pake.

Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika hapa hapa Mombasa. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake! Basi mtoto wetu anapoingia darasa la Kiswahili, anajifunza lahaja iliyo jirani na yake, na ujirani huo ndio unaomtega. Mtoto wa Kisumu anajua kwamba hajui. Wa kwetu anadhani anajua, na mamake pia anadhani hivyo.

Ufumbuzi haumo katika kumkataza Kimvita. Gredi ya 1 hadi ya 3 kuna vipindi viwili kwa wiki vya lugha za kiasili. Mahali pengi pwani vipindi hivi hupita bila kitabu wala mpango. Mzazi anaweza kuuliza vinatumiwaje, na pia anaweza kufanya lililo rahisi: kumwambia mtoto, "Sisi twasema ndia, shuleni utaandika njia," bila ya kumtahayarisha. Mtoto wa miaka saba hulielewa hilo mara moja. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany alitumia umri wake kuyakusanya maneno ya mafundi wa jahazi na ya wakulima kabla hayajapotea. Sisi twayapoteza yetu kwa kuyaonea haya.

Na Kiarabu? Hutolewa kwa hiari kuanzia Gredi ya 4, katika shule zinazoweza. Wazazi wengi hukiacha wakisema mtoto ameshasoma chuoni. Ni kweli chuoni amejifunza alifu kwa ujiti, na huenda amehifadhi juzuu mbili tatu. Lakini mpe gazeti la Kiarabu, au mwombe aeleze kwa Kiarabu alikula nini asubuhi, ndipo utakapoona tofauti ya kusoma herufi na kuijua lugha. Darasa la shule humfundisha kusikiliza, kuzungumza na kuandika, mambo ambayo chuo hakikukusudiwa kuyafanya. Mtoto aliyeyapata yote mawili ataanza kuisikia maana ndani ya sura aliyoisoma miaka mitano kwa kukariri.

Binti yangu sasa yuko Gredi ya 6. Ule ukili wa sokoni niliurudisha kabatini, na kawa sijaishona hadi leo. Wake mwenyewe umezongwa nyuma ya mlango wa nyanya yake, safu za mwanzo zimepinda, za baadaye zimenyooka. Nyanya amesema hatoushona msala mpaka zitimie pima kumi. Jana tuliupima: saba na mkono mmoja.