Je, Kabila Lina Alama Zake? Hesabu ya Dadu na Sifa za Makabila

Basi litokalo Dar es Salaam hufika Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya. Abiria wakishashuka kunywa chai, haupiti muda mrefu kabla utani wa makabila haujaanza. Mhehe huambiwa kwamba hasira zake ziko karibu. Mnyakyusa kwamba anapenda shule na hakubali kushindwa kwa maneno. Mkinga kwamba akipewa shilingi asubuhi atarudi na mbili jioni. Utani huo ni wa zamani, na wanaotaniwa huwa wa kwanza kucheka. Lakini maneno hayohayo yakitoka kwenye meza ya chai na kuingia katika daftari la mwajiri au la mwalimu, hayawi utani tena. Huwa ni dai juu ya maumbile ya watu, na dai la namna hiyo hapana budi lipimwe.

Liko pahali pamoja ambapo dai kama hilo limeandikwa waziwazi kwa tarakimu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao huchezwa mezani, kila mchezaji akiigiza mhusika wa hadithi. Mhusika hupewa sifa sita: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Katika kanuni za kwanza kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha. Kitabu cha kanuni cha 1978 kiliziongezea na kuzipunguzia alama jamii za kubuniwa za mchezo huo. Elfi, viumbe wembamba wa msituni, waliongezewa alama moja ya wepesi na kupunguziwa moja ya ustahimilivu. Katika toleo la 2000 alama hizo zikawa mbili mbili. Wachezaji walibishana sana juu ya jambo hili, na katika toleo la 2024 nyongeza ziliondolewa kwenye jamii ya mhusika, zikawekwa kwenye malezi yake na kazi aliyoifanya kabla hadithi haijaanza.

Mchezo ni mchezo tu. Hata hivyo, unafaa kwa somo, kwa sababu huonyesha dai la makabila likiwa katika hali yake bora kabisa: nyongeza inajulikana, ni ya kuzaliwa nayo, na hakuna anayeibishia. Je, katika hali hiyo, kujua jamii ya mtu kunatuambia nini juu ya mtu mwenyewe?

Dadu tatu zina namna 216 za kuangukia. Jumla ndogo kabisa ni 3 na kubwa kabisa ni 18, na kila moja kati ya hizo hupatikana kwa namna moja tu. Jumla za 10 na 11 hupatikana kila moja kwa namna 27. Mchoro wake huinuka katikati na kushuka pande zote mbili kama kengele, na wastani ni 10.5. Sasa lichukuliwe kundi la pili ambalo kila mtu wake huongezewa alama 2. Kengele yote husogea kulia, na wastani huwa 12.5. Umbo lake halibadiliki, wala haliachani na lile la kwanza. Sehemu kubwa ya kengele hizo mbili hulaliana.

Hapo ndipo penye jambo. Katika kundi lisilo na nyongeza, namna 56 kati ya 216, yaani zaidi ya robo, hutoa 13 au zaidi. Watu hao wote wanaupita wastani wa kundi lililopendelewa. Aidha, mtu mmoja akichukuliwa kutoka kila kundi na wakashindanishwa, asiye na nyongeza atashinda mara 28 katika 100, watatoka sare mara 8, na mwenye nyongeza atashinda mara 64. Mwajiri anayeajiri kwa kutazama kabila peke yake atakuwa amemwacha aliye bora zaidi ya mara moja katika kila nne. Na huyo ni mwajiri wa mchezoni, aliyehakikishiwa nyongeza yake kwa maandishi.

Wahehe walipewa nyongeza ya namna hii na watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuwaogopa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya Mkwawa yalikivamia kikosi cha Wajerumani kikiwa safarini. Kiongozi wake, Emil von Zelewski, aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kabla ya kuiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, na minne zaidi kumwandama Mkwawa hadi alipojipiga risasi mwaka 1898. Baada ya hapo maandishi ya wakoloni yalianza kumsifu Mhehe kuwa ni askari wa kuzaliwa. Waingereza nao walikuwa na fikra hiyohiyo, waliyoikuza India, kwamba yako makabila ya vita na yako yasiyo ya vita.

Historia haiungi mkono maneno ya kuzaliwa. Kabla ya katikati ya karne ya 19 nchi ya Uhehe ilikuwa ya watemi wadogo wengi. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyewaunganisha, na mbinu za vita zilitoka kwa jirani: Wasangu walijifunza kutokana na mashambulio ya Wangoni, na Wahehe wakajifunza kutokana na Wasangu. Damu ya watu haibadiliki kwa kizazi kimoja. Mafunzo ya vita hubadilika kwa msimu mmoja.

Hali kadhalika sifa ya shule kwa Wanyakyusa. Mwaka uleule wa Lugalo, 1891, wamisionari wa Kimoravian walianza kazi Rungwe, na wale wa Kiluteri kutoka Berlin wakaanza karibu nao. Iringa ilikuwa vitani. Rungwe ilikuwa ikifundishwa herufi. Anayetaka kujua asili ya nyongeza ya Mnyakyusa aanze na tarehe hiyo, kabla hajafika kwenye ubongo.

Ubongo wenyewe, au tuseme mfupa unaoufunika, ulipimwa sana. Katika karne ya 19 Msweden Anders Retzius alianzisha kipimo kinachopatikana kwa kugawanya upana wa kichwa kwa urefu wake na kuzidisha kwa mia. Wataalamu wa Ulaya wakakusanya mafuvu kwa maelfu wakitumaini kwamba namba hiyo ingezitenga jamii na uwezo wao. Kichwa cha Mkwawa kilipelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliamuru kirudishwe. Hakikurudi hadi Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Humo mlikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati ya hayo yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining aliyatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Kipimo kilimwachia mafuvu kadhaa. Kilichomfanya achague moja ni tundu la risasi. Namba iliyotarajiwa kueleza akili ya taifa zima haikutosha kumtambulisha mtu mmoja ndani ya kabati; ilibidi kutazama yaliyompata katika maisha yake. Fuvu hilo lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga.

Tangu hapo vipimo vimehama kutoka mfupani kwenda kwenye jeni. Mwaka 1972 Richard Lewontin alichunguza jeni 17 katika watu wa sehemu mbalimbali za dunia, akakuta kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti zote zimo ndani ya jamii moja moja, na asilimia 6 tu ndizo zinazoyatenga makundi makubwa yaliyoitwa mbari. Ni kweli kwamba jeni nyingi zikitazamwa kwa pamoja huweza kuonyesha mtu katoka wapi, kama A. W. F. Edwards alivyoeleza mwaka 2003. Lakini kujua mtu katoka wapi si kujua anaweza nini.

Mwalimu wa hesabu wa kidato cha tatu anaweza kulijaribu jambo hili kwa kipindi kimoja. Wanafunzi 40 wagawanywe nusu kwa nusu kwa vikaratasi vya siri, na kila mmoja arushe dadu tatu. Wa kundi la pili waongeze 2. Matokeo yaandikwe ubaoni bila kutaja kundi, kisha darasa likisie nani ni wa wapi. Kanuni bora ya kukisia ni hii: mwenye 12 au zaidi ahesabiwe kuwa wa kundi la pili, na mwenye 11 au pungufu wa kundi la kwanza. Kwa wastani kanuni hiyo itapatia wanafunzi 25 na kuwakosea 15. Anayekisia kwa kufumba macho hupatia 20.