Sadaka Inayouzwa kwa Kilo

Shati linalotundikwa kibandani Kayanga wilayani Karagwe, au Nkwenda wilayani Kyerwa, huenda lilitolewa bure. Mwenyewe, huko Uingereza au Marekani, alilipeleka duka la hisani akiamini litamfaa mhitaji, na ndiyo maana wapo wanaosema muuza mitumba anakula sadaka ya maskini. Lawama hiyo inamwangukia asiyestahili. Duka la hisani huuza sehemu tu ya nguo linazopewa. Nyingi zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa kampuni zinazozichambua, kuzibana kuwa mabelo na kuzipakia melini. Sadaka iligeuzwa fedha kabla ya kuvuka bahari, na fedha hizo ndizo zilizokwenda kwenye kazi ya hisani. Kinachofika Karagwe ni bidhaa iliyonunuliwa na kulipiwa nauli na ushuru, kama sabuni au mabati.

Hata kilichotolewa bure kabisa, aliyepewa ana haki ya kukiuza. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe, wako waliowauzia wenyeji sehemu ya mgao wao, yakiwemo mablanketi na maturubai, ili wapate walichokosa kambini. Ukimpa mtu blanketi kisha ukamkataza kulibadilisha kwa ndizi anazozihitaji zaidi, hujampa, umemwazima.

Kosa, kwa maoni yangu, limo ndani ya belo. Mchuuzi hulinunua likiwa limefungwa, pengine kwa mtaji wa mkopo, na hujua kilichomo baada ya kukata kamba. Akikuta daraja la kwanza, amepona; akikuta madoa na zipu zilizokufa, hana wa kumrudishia. Aliyechambua nguo hizo alijua anafunga nini. Faida inayotokana na kazi ya kuchagua, kufua na kupiga pasi ni halali. Faida ya kumficha mnunuzi kasoro si halali, iwe ya msafirishaji wa ng'ambo au ya mchuuzi anayelikunja shati ili tundu lisionekane.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya mitumba ni la viwanda. Mchumi Garth Frazer, katika utafiti wa mwaka 2008, alikadiria kwamba mitumba inaeleza takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Siwezi kulipuuza hilo. Lakini tazama nani mwenye nguvu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya ushuru chini ya sheria yake ya AGOA, na Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Mama anayeuza magauni ya watoto Omurushaka hakuwa na kauli katika hayo yote, na kumfungia kibanda hakutafufua kiwanda hata kimoja.

Anachostahili ni belo linaloeleza yaliyomo, na aliyelifunga awajibike likiwa na uchafu. Si jambo geni kwa watu wa wilaya hizi. Kahawa yao haipati daraja la kuuzwa nje mpaka ipimwe unyevu na punje mbovu zihesabiwe. Mnunuzi wa Ulaya hatoi fedha kwa gunia asilojua lina nini.