Kazi za Mafuta Huhama na Mtambo



Vijana wengi hutuuliza: "Mafuta yako Turkana, mbona kazi hakuna?" Ni swali la haki. Hebu tuliangalie pamoja.

Mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, mwezi wa Machi 2012. Mwenye leseni alikuwa kampuni ya Tullow. Lakini mwenye leseni hafanyi kila kazi mwenyewe. Kuchimba, kuweka simiti kisimani, kusafirisha, kupika na kulinda, hizo zote hupewa makontrakta. Kijana akiandikwa, mara nyingi huandikwa na kontrakta, tena kwa mkataba mfupi. Kisima kikiisha, mtambo unahama na kazi inakwisha.

Oktoba 2013 wananchi waliandamana wakidai kazi na zabuni, hata shughuli zikasimama. Lakini liko jambo ambalo maandamano hayaliwezi, yaani bei ya dunia. Katikati ya 2014 pipa moja lilipita dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Bei ikianguka, kampuni huacha kuchimba visima vipya, na watu wa makontrakta ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani. Mwaka 2020 ilikuwa vivyo hivyo: Schlumberger, kampuni kubwa ya huduma za visima duniani, ilitangaza kupunguza watu zaidi ya 21,000. Hata malori yaliyoanza kupeleka mafuta Mombasa mwaka 2018 yalisimama 2020.

Tena, kuchimba kunataka mikono mingi. Mafuta yakishaanza kutoka, mafundi wachache wanatosha.

Sasa tufanye nini?

1. Kabla ya kutia sahihi, uliza: mwajiri wangu ni nani? Ni miezi mingapi? NSSF inalipwa?
2. Usiuze mbuzi wote ukingojea kazi. Ukiipata, weka sehemu ya mshahara kikundini.
3. Jifunze ufundi unaofaa popote: kuchomelea vyuma, umeme, magari.
4. Sheria ya Petroli ya 2019 inawapa wananchi wa mahali asilimia 5 ya fungu la serikali katika faida ya mafuta, kupitia mfuko wa amana. Kazi ni ya mtu mmoja na ina mwisho. Fungu hili ni la wote. Tulifuatilie.

Kwa mkutano wenu: mtambo ukiondoka kesho, kijijini kwetu kutabaki nini?