Mawe yanayolia

Mawe yanayolia ni mawe ya asili ambayo yakigongwa kwa jiwe lingine hutoa mlio mrefu kama wa kengele, badala ya kishindo kifupi kilichozoeleka. Nchini Tanzania linalojulikana zaidi liko kwenye vilima vya mawe vya Moru, kusini kwa Seronera, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Waongoza watalii huliita Gong Rock. Limejaa vishimo vidogo vya mviringo vilivyotokana na kugongwa, na kila sehemu hutoa sauti yake. Karibu na hapo kuna michoro ya ngao ya Wamasai, walioishi Serengeti hadi walipohamishwa mwaka 1959. Mawe ya aina hii yapo pia kwenye kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, na huko Birnin Kudu, Nigeria.

Mara nyingi husemwa kwamba jiwe hulia kwa sababu ndani lina uwazi. Si lazima iwe hivyo. Kengele ya shule iliyotengenezwa kwa kipande cha reli haina uwazi wowote, na bado husikika mbali.

Jambo la kwanza ni namna jiwe lilivyokaa. Jiwe lililozama ardhini hupeleka mtetemo wake kwenye udongo, na sauti hufa papo hapo. Lililoegemea sehemu chache tu hubaki na mtetemo wake. Ndiyo maana kipande cha reli huning'inizwa kwa waya, hakilazwi chini. Ufa nao huua mlio, kama fundi anavyotambua chungu kibovu kwa kukigonga kwa kidole.

Jambo la pili ni umbo. Bamba likiongezwa unene mara mbili, sauti yake hupanda mara mbili. Likifupishwa kuwa nusu, hupanda takriban mara nne. Kwa makadirio, bamba la graniti lenye urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 20, lisilobanwa popote, hutetema karibu mara 220 kwa sekunde. Jiwe la asili halina umbo la bamba kamili, kwa hiyo hesabu hii hutoa picha tu.

Bamba halitetemi kwa namna moja. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alieleza jinsi mchanga ulionyunyizwa juu ya bamba linalotetema unavyokimbilia kwenye mistari iliyotulia na kuchora maumbo. Kwa hesabu ya mabamba, Mfaransa Sophie Germain alipata tuzo mwaka 1816, na Gustav Kirchhoff akaiweka sawa mwaka 1850. Ukigonga juu ya mstari uliotulia, mtetemo wa aina hiyo hauamki. Ukisogea kidogo, unaamka. Hii ndiyo sababu ya jiwe moja kuwa na sauti nyingi.

Ugumu wa hesabu huanza pale jiwe lisipokuwa sawa toka juu hadi ndani. Mvua na jua hulainisha ngozi ya jiwe, na ulaini huo hupungua polepole kuelekea ndani bila mpaka unaoonekana. Kuchukua wastani hakutoshi. Katika bamba la sentimita 20, sentimita 2 za kila upande ni sehemu ya tano tu ya jiwe, lakini hubeba karibu nusu ya nguvu yote ya kukataa kupinda. Kwa hiyo ngozi iliyooza hushusha sauti kuliko mtu anavyotarajia. Wahandisi hugawa unene katika tabaka nyembamba nyingi, kila moja na ugumu na uzito wake, kisha hujumlisha. Njia hiyo hiyo hutumika kwa vitu vinavyobadilika taratibu kutoka kauri hadi metali, wazo lililotolewa Japani mwaka 1984 kwa ajili ya vyombo vya anga. Humo swali huwa pia ni kiasi gani cha kelele kitapenya ukuta. Kwa ukuta wa kawaida, kuongeza uzito mara mbili hupunguza kelele kwa takriban desibeli 6.

Ukuta uliopinda ni mgumu zaidi kuliko bapa wenye unene uleule. Wakurya wa Tarime wana mfano wa vyote viwili katika litungu: ngozi bapa iliyowambwa hupokea mtetemo wa nyuzi na kuusukuma hewani, wakati bakuli la mti, kwa kupinda kwake, halitikisiki sana.

Wageni wengi wa Moru hupenda kugonga, na kila pigo huchimba kishimo zaidi. Hata hivyo jiwe linaweza kunyamazishwa bila kuguswa uso wake: kuziba kwa saruji au kifusi nafasi iliyo chini yake, au kulisogeza kutoka pale lilipoegemea, kunatosha. Picha za kabla na baada zingeonyesha jiwe lilelile.